Nilivyoharibu Matango ya Mke wa Mwanangu

Kabla hujaniuliza upulizie dawa gani, nyoosha mikono nione kucha zako. Hivyo ndivyo nilivyopokelewa siku ya kwanza kazini. Nanyi vijana mnaonipigia simu kila wiki, "Shikamoo mama, matango yangu yanajikunja, nifanyeje?", mngekuwa mnakuja wenyewe ningewapokea hivyohivyo. Simu haionyeshi kucha. Kwa hiyo nimeona niwaandikie kwa kirefu, na humu nitaweka na kisa kimoja ambacho ningependa zaidi kukificha.

Nimefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye shamba la mbegu chini ya Mlima Meru. Nilikuwa mchavushaji. Watu wa kwetu Machame nilikotoka walikuwa wakiniuliza, "Kwani nyuki wa huko Arusha wamekufa?" Nikachoka kueleza, nikawa nawaambia nafungisha ndoa za maua. Na kwa kweli ndiyo kazi yenyewe. Mbegu chotara, au haibridi kama mnavyoita, haiokotwi. Kuna mtu, mara nyingi mama aliyejifunga kanga kiunoni, aliyeinama asubuhi umande haujakauka, akachukua ua dume la ukoo mmoja akalisugua polepole kwenye ua jike la ukoo mwingine. Mbegu unayonunua kwenye pakiti ni mtoto wa hao wawili. Ndiyo maana nawakataza kukausha mbegu za tango hilo mkazipanda tena. Wajukuu watatoka kila mmoja na sura yake, mmoja mrefu, mmoja mnene kama mtungi, mmoja mchungu hata ng'ombe anamtema. Marehemu mume wangu alijaribu mara tatu. Kila mara alisema safari hii itakubali.

Sasa kucha. Msimamizi wetu alikuwa Mama Kundaeli, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akapita na wembe, akatukata kucha mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Mimi nilikuwa na kucha zangu nzuri nimezifuga kwa ajili ya harusi ya dada. Zilikwenda zote. "Ua jike la tango," alisema, "lina shingo laini kuliko ya mtoto mchanga. Ukucha wako ukiligusa, umeua." Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikavunja maua manne kwa ukucha wa kidole gumba uliosalia kidogo tu, nikaacha kununa.

Alitufundisha kulijua ua la kesho. Hilo ni jambo ambalo halimo kwenye video mnazotazama. Ua la leo kila mtu analijua, limefunguka, la njano, nyuki yumo. Ua la kesho bado limefumba, lakini ncha yake imeanza kupata unjano kama siagi. Hilo ndilo tulilolifunika kwa kikaratasi jioni, ili nyuki asitutangulie. Asubuhi tunafunua, tunasugua ua dume, tunafunika tena, kisha tunafunga kipande cha uzi mwekundu wa sufu kwenye kikonyo. Tunda lenye uzi ni letu. Tunda lisilo na uzi linakatwa, linakwenda kwa ng'ombe, hata liwe zuri namna gani.

Mimi wiki ya pili nilifunika ua lililokwisha kufunguka, tena nyuki akiwa ndani. Asubuhi nafunua kwa heshima zote, nimeinama karibu maana nilitaka kuona vizuri, akanichoma mdomo wa juu. Jumapili hiyo kwaya yetu ilikuwa inaimba, nami nilikuwa sauti ya kwanza. Nilisimama mbele ya usharika mzima na mdomo kama wa bata. Mama Kundaeli alikuwa benchi la tatu, mabega yanamtetemeka kwa kicheko, na kitabu cha nyimbo amejifunika usoni.

Kazi ile inaingia mwilini. Baada ya miaka michache huwezi tena kuliona ua ukaliacha. Nimewahi kukamatwa na mzee wa kanisa nikiyapekua maua ya madhabahuni kutafuta lipi dume. Nilipostaafu, macho yakiwa yamechoka, wenzangu walinipa zawadi ya kitenge na kikombe, na mimi kimyakimya nikaondoka na donge dogo la uzi mwekundu kwenye mfuko wa sweta. Wakati huo wenyewe walikuwa wameshaacha uzi, wanatumia vipete vya plastiki. Sikuona kama nimeiba.

Sasa nije nyumbani.

Nakaa juu ya Tengeru, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu mume wangu. Chini ya nyumba kuna kipande tulichong'oa kahawa iliyozeeka, kikabaki wazi. Wanangu ni wawili. Eliudi, mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi Levolosi. Amani, mdogo, anaendesha watalii, mwezi wa shughuli tunamwona mara mbili. Mke wa Amani anaitwa Neema, ni binti wa Kisongo, na ndiye ninayekaa naye. Kwao Kisongo ni upepo na vumbi, maji wanayapima kwa kikombe. Alipoolewa huku akaona mfereji unapita nyuma ya jiko mchana kutwa, alisimama akautazama kama anatazama sinema.

Lami ilipofika njia ya kwetu, Eliudi alikuja na futi kamba. "Mama, hapa panataka vyumba vya kupanga. Vyumba sita na choo cha pamoja." Neema alikuwa anaosha vyombo. Alikausha mikono, akaja, akapiga goti kidogo. "Mama, samahani. Mimi nilikuwa nakiomba kile kipande. Nataka kulima matango. Ya haibridi, ndani ya neti." Eliudi akacheka, "Shemeji, matango? Watu wanatafuta pa kulala, wewe unawapa saladi?"

Kipande ni changu, uamuzi ukawa wangu. Nikasema, "Neema, chukua msimu mmoja. Matango yakitoka ya kueleweka, panabaki bustani yako. Yakishindikana, Eliudi anajenga." Wote wawili wakakubali. Wiki hiyohiyo Eliudi akaleta lori la mawe, akayamwaga pale pale pembeni ya kipande. Ukitoka mlangoni unayaona. Neema aliyaona kila asubuhi kwa miezi mitatu.

Na yule binti alilima. Nawaambia ninyi mnaopenda njia za mkato, msikilizeni. Alisia mbegu moja kwenye kila tundu la trei, si mbili, maana mbegu ile si ya kuchezea. Alichanganya samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena. Alijenga banda la miti na neti, akafunga mlango wa zipu aliyoitoa kwenye hema bovu la Amani. Kila mche aliupandishia kamba, akawa anauzungushia polepole kufuata mkono wa saa. Vichipukizi vya pembeni alivikata vikiwa vidogo. Maua ya kwanza, yale yaliyo chini ya goti, aliyatoa yote ili mche upate nguvu. Alimwagilia asubuhi, kwenye shina, kila siku kiasi kilekile, maana tango likipata kiu leo na mafuriko kesho linakuwa chungu. Ukungu wa mwezi wa saba uliposhuka kutoka mlimani alikuwa anapunguza majani ya chini hewa ipite, mengine yasishike ugonjwa wa ubwiri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu barazani nikimtazama, nikasema moyoni, huyu, Mama Kundaeli angempenda.

Lakini jambo moja lilinisumbua. Siku moja niliingia bandani kumsalimia, nikaangalia maua. Jike. Jike. Jike. Nilizunguka mistari yote, sikuona ua dume hata moja. Na neti imefungwa, nyuki hapiti! Nilimwonea huruma. Binti amefanya yote vizuri, akaisahau ndoa yenyewe. Nikafikiria kumwambia, nikaona nitamvunja moyo, na mawe yale pale nje. Nikasema nitamsaidia kimya kimya.

Pakiti ya mbegu ilikuwapo, ningeweza kuiomba niisome. Mtu wa miaka ishirini na saba kwenye mbegu aombe pakiti asome? Sikuomba.

Basi Neema akishuka barabarani kumpandisha mtoto wake gari la shule, au dukani siku zisizo za shule, mimi nakwenda nyuma ya jiko kwenye matango yangu ya kienyeji, nachuma maua dume, naingia bandani. Jamani, nilikuwa na furaha! Mikono ilikumbuka yote. Nilisugua, nikafunga uzi wangu mwekundu kwenye kila kikonyo, nikatoka, nikarudi kwenye kiti na kikombe cha chai kama mtu ambaye hajaondoka. Nilifanya hivyo asubuhi kumi na tatu mfululizo. Goti langu linaloniuma kila baridi halikuniuma hata siku moja.

Asubuhi ya kumi na nne ilikuwa Jumapili, nikaenda kanisani na kitabu cha nyimbo cha Neema maana changu sikukiona. Ndani yake, kama alama ya ukurasa, alikuwa ameweka ile pakiti. Miwani ilikuwa tayari machoni, nikasoma. "Aina hii huzaa bila kuchavushwa. Zuia nyuki. Ikichavushwa, matunda hupinda na kujaa mbegu."

Nilikaa. Wimbo ulianza na kuisha nikiwa nimekaa.

Matango ya namna hiyo tulikuwa tukiyasikia kazini miaka yangu ya mwisho, kama mtu anavyosikia habari za nchi za mbali. Sikuwahi kuyaona. Nilipotoka kanisani nilikwenda moja kwa moja bandani, nikayaona. Yale ya mwanzo yalikuwa yameshavimba kiunoni kama vibuyu, mengine yamejikunja kama mpini wa mwavuli. Na kwenye kila moja, uzi wangu. Nilikuwa nimeweka sahihi.

Niliacha kuingia bandani. Na sikusema. Hapo ndipo pa aibu kubwa kuliko kule kuchavusha, nanyi mpajue. Siku saba nzima nilimwona Neema anakwenda na kurudi amekaza uso, anapika, ananiletea chai, "Karibu chai, mama," na mimi nakunywa. Niliwaza nitasema kesho. Huku mlimani mtu akiwa na mche wenye matatizo wanamwambia nenda kwa Mama Eliudi. Nilikuwa napenda sana kuambiwa hivyo.

Jumapili iliyofuata Amani alikuwa amerudi safari, na Eliudi akaja kuona msimu umeishaje. Tuliingia bandani wote wanne. Eliudi akachuma tango moja, akalipima kwenye kiganja. "Aisee. Hili ni tango au kibuyu cha maziwa?"

Neema alikuwa ameinamisha macho. "Ni mimi, shemeji. Nilikosea kumwagilia."

"Yote haya?"

"Yote. Nilikosea."

Nilishangaa. Nikatazama kikonyo cha tango lililokuwa mkononi mwa Eliudi. Hakina uzi. Nikatazama la pili, la tatu, nikapita mstari mzima nikishika vikonyo kimoja kimoja. Hakuna uzi hata mmoja bandani. Kisha nikaona, kwenye pindo la kanga ya Neema alipokuwa amefunga fundo, sufu nyekundu imechungulia.

Alikuwa ameikata yote. Nyuzi za asubuhi kumi na tatu, moja moja, kabla wanangu hawajaja, ili wasijue ni nani. Alikuwa tayari kukipoteza kipande chake kuliko mama mkwe wake achekwe. Moyo uliniuma, sijui niwaambieje. Uliniuma kama siku ya msiba.

"Fungua fundo hilo," nikamwambia.

"Mama, acha tu."

"Neema. Fungua."

Akafungua. Uzi ukamwagika kwenye kiganja chake, rundo zima. Amani akauliza, "Hii nini?" Nikasema, "Ni mimi hiyo." Nikawaeleza yote, ua dume, chai, pakiti, wimbo nilioupitisha nimekaa. Nikawaambia watazame juu ya vichwa vyao. Kule juu kwenye kamba, matango yaliyozaliwa baada ya mimi kuacha kuingia yalikuwa yananing'inia membamba, yamenyooka, ya kijani kimoja, kama yamechorwa kwa rula. "Yale ni ya Neema," nikasema. "Haya ya chini ni yangu."

Amani alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Eliudi alicheka mpaka akatoka nje akakalia mawe yake. Hata mimi nilicheka, machozi yakinitoka, sijui ya nini. Nikamgeukia Neema. "Uliuona uzi tangu lini?"

"Siku ya kwanza, mama."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani karatasi imekosea. Mama ana miaka ishirini na saba kwenye kazi hii, mimi nina pakiti moja. Nikasema mama anajua jambo."

Hapo, vijana, ndipo nilipoacha kucheka. Nilikuwa nimemharibia kwa sababu aliniamini.

Eliudi si mtu mbaya, ila ni mfanyabiashara. Alifuta macho, akasema, "Sawa mama, nimecheka. Lakini makubaliano ni makubaliano. Msimu ulikuwa mmoja, na mafundi nimeshaongea nao." Amani akaanza kumjibu kwa ukali. Nikamwambia anyamaze, nikawaacha pale, nikaenda kwenye uzio wa nyumba.

Kwetu Uchagani, na huku Meru pia, mtu aliyekosea kosa zito hafungui mdomo peke yake. Anachuma isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, anamletea aliyemkosea. Ukiletewa isale husemi nitafikiria. Unasamehe, yameisha. Ila anayeleta ni mdogo kwa mkubwa, au jirani kwa jirani. Mama mkwe kumpelekea isale mke wa mwanawe sijawahi kuona, wala mama yangu hakuwahi kunisimulia. Nilivunja tawi zima pamoja na shina lake, maana jani moja niliona halitoshi kwa matango mia.

Nilipomfikia Neema na tawi lile mikononi, wanangu wote wawili walisimama wima. Eliudi akavua kofia.

"Mama, usinifanyie hivyo," Neema akasema, anarudi nyuma. "Mimi ni mtoto kwako. Mimi nani nipokee isale kwa mama?"

"Wewe ndiye niliyekukosea. Nilikukosea bandani, nikakukosea tena kwa kunyamaza. Pokea, mwanangu, mikono inachoka."

Akapokea kwa mikono miwili, amepiga magoti, analia. Mimi nililia zaidi yake. Niliona aibu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu, vyote kwa pamoja.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini Neema aliinuka, akafuta uso kwa kanga, akachukua kile kijiti chake cha kupandikizia miche. Akaenda mpaka pale bustani inapokutana na mawe ya Eliudi. Akapiga magoti tena, akatoboa shimo, akalichomeka shina la isale, akalishindilia udongo kwa ngumi. Kisha akamalizia na maji yaliyobaki kwenye keni ya kumwagilia.

Hakuna mtu mlimani hapa asiyejua maana yake. Isale likishapandwa ni mpaka, na mpaka wa isale haung'olewi, hata na mwenye lori.

Eliudi alilitazama isale. Akayatazama mawe. Akanitazama mimi, nami nikakunja mikono.

"Amani," akasema mwishowe, "huyu mke ulimpata wapi?"

"Kisongo."

"Kisongo," Eliudi akarudia, anavaa kofia yake. "Jumatano nitaleta watu waje kupakia haya mawe."

Jumatano mawe yaliondoka. Isale limeshashika, lina majani mapya matatu.